Ubeti wa Pili wa Wimbo wa Kobe

Niliambiwa nishike chekechea kwa wiki tatu tu. Mwalimu wao alikuwa amekwenda kujifungua, nami nilikuwa nimekaa nyumbani Voi na shahada yangu ya historia, nikisubiri kuajiriwa sekondari. Nikakubali. Mwalimu huyo alihamia Bomeni na mtoto wake, hakurudi. Huu ni mwaka wangu wa nne katika shule hii ya njia ya Kasigau, na kila asubuhi naruka kama chura.

Sikuzipenda nyimbo zile, sitadanganya. Mtu mzima na ndevu zake anachutama, anatoa ulimi, anapiga mbawa, na wazazi wanaopita na punda wa maji wanasimama kuchungulia. Nilikuwa nafunga madirisha kabla hatujaanza. Lakini watoto wa miaka minne hawafundishiki wamekaa. Ukitaka wajue juu na chini, haraka na polepole, lazima mwili ufanye. Nikatunga nyimbo zangu, na walioupenda zaidi ulikuwa wa kobe. Ubeti wa kwanza, "Kobe ingia ndani, funga mlango wako," wote wanajikunja sakafuni, kimya. Ubeti wa pili, "Kobe toka nje, njoo pole pole," wanakuja kwangu wakitambaa. Aliyekimbia nilimrudisha mwanzo. Nilikuwa mkali kwa hilo, maana ndizo dakika pekee nilizopata utulivu.

Kiangazi cha mwaka jana ndovu walizoea kushuka mpaka kwenye tangi letu la maji. Tulikuwa tukikuta nyayo tu asubuhi. Siku hiyo walikuja kabla ya mapumziko ya saa nne, mchana kweupe: majike wawili na ndama. Niliwaona kupitia wavu wa dirisha, hatua chache kutoka mlango wetu. Nikafunga komeo, nikawaketisha watoto, nikawahesabu. Ishirini na sita. Nikahesabu tena. Msichana mmoja nilikuwa nimempa ruhusa ya kwenda chooni.

Choo kiko ng'ambo ya uwanja. Nilimpigia simu mwalimu mkuu, aliyekuwa amejifungia ofisini.

"Askari wa wanyamapori wako njiani," alininong'oneza. "Usipige kelele, Mwalimu. Huyo mkubwa ana mtoto, atakasirika."

"Kuna mtoto wangu chooni."

"Basi asitoke," akasema.

Hapo hapo nikaona mlango wa mabati wa choo unasukumwa, na kichwa kidogo kinachungulia. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Niliimba kwa sauti nzito, iliyotulia, ambayo sikuwahi kuitoa nikiwa na watoto wale: Kobe ingia ndani, funga mlango wako. Mlango ukavutwa. Nyuma yangu watoto ishirini na sita wakajikunja sakafuni.

Nikaurudia ubeti huo, sijui mara ngapi, shati limenigandama kwa jasho. Nilidhani nimeweza. Sikuwafikiria walioko nyuma yangu. Hakuna siku niliyowaacha wamejikunja muda ule wote. Kwao wimbo una sehemu mbili, na mwalimu alikuwa amekwama kwenye ya kwanza. Mmoja akaamua kunisaidia. "Kobe toka nje," akaanza, na kabla sijageuka darasa zima likampokea kwa furaha, njoo pole pole. Nilipunga mikono, nikaweka kidole mdomoni. Walidhani ni mchezo mpya, nao wakaweka vidole midomoni huku wakiimba.

Mlango wa choo ukafunguka, akatoka akitambaa.

Nilitaka kumwambia arudi, nikaogopa sauti yangu. Nilitaka kutoka nikamchukue, na miguu yangu haikuondoka pale dirishani. Nalisema hili wazi kwa sababu sijawahi kulisema. Yule jike mwenye ndama aligeuka, akatanua masikio. Msichana alikuwa ameinamisha kichwa, mkono, goti, mkono, goti, akiambaa na ua wa shule, sare yake ikizoa vumbi. Ndovu aliinua mkonga hewani, akakaa hivyo, kisha akarudi kwenye maji. Nilifungua mlango kidogo nikamvuta ndani kwa kola. Magoti yake yalikuwa yanatoka damu. Nilimkumbatia nikalia mbele ya darasa, nao wakanicheka.

Askari walipofika walisema angekimbia, mambo yangekuwa mengine. Basi habari ikaenea kwamba mwalimu wa chekechea alimtoa mtoto katikati ya ndovu kwa wimbo. Kwenye mkutano wa wazazi mwalimu mkuu alisimama akasema mimi nilizaliwa kufundisha wadogo, na kwamba hata nikiitwa sekondari shule haitaniachilia. Walipiga makofi muda mrefu. Nilikaa pale mbele, nikitazama viatu vyangu, nikijua kwamba kila kofi linanifungia humo ndani, na kwamba nikifungua mdomo kusema ukweli nitakuwa mwalimu ambaye nusura amuue mtoto wa mtu.

Ijumaa mama wa yule msichana alinifuata darasani akiwa na jogoo.

"Mwalimu, bila wewe saa hizi tungekuwa kwenye matanga."

"Ni Mungu, mama," nilisema. Nilikuwa nimejipanga usiku kucha kumweleza. "Lakini ule wimbo, mama, ule ubeti wa mwisho..."

"Huo huo," akanidakia. "Nyumbani hatupumui, ni huo tu." Akamsukuma msichana mbele. "Mwambie Mwalimu vile uliniambia."

Msichana alishika leso ya mama yake. Magoti yake yalikuwa bado na bandeji.

"Niliwaona ndovu," akasema. "Nikaogopa sana. Lakini Mwalimu akaniita."

Mama yake alicheka, akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Wote wawili wakanitazama, wakingoja.

"Ndiyo," nikasema, "nilikuita." Nikampokea jogoo kwa mikono miwili.