Mkanda wa Mama Pacha

Mama Pacha hakwenda kwenye karate kwa kupenda. Alikwenda kwa sababu wanawe walikataa.

Baba Pacha, mumewe, alikuwa mpaka rangi wa majumba, mtu wa maneno mengi na mzaha usiokauka. Ndiye aliyewaandikisha wale mapacha kwenye dojo ya mtaani, ukumbi wa kufundishia karate, ili wapate marafiki katika nchi ile ya ugenini waliyokuwa wamehamia. Vijana walikwenda mara mbili. Mara ya tatu walijilaza sakafuni wakasema miguu inauma, matumbo yanauma, hata nywele zinauma. Mavazi meupe mawili, mapya kabisa, yakabaki yananing'inia nyuma ya mlango.

"Sasa haya atayavaa nani?" Baba Pacha akauliza. "Mimi nikirusha mguu mmoja, kiuno kinabaki hukohuko juu."

"Nitavaa mimi," mkewe akasema.

Alikuwa anatania. Lakini mumewe alicheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, na kile kicheko kikamkera Mama Pacha kuliko alivyotarajia. Jumatatu jioni alipotoka kazini alivaa suruali ya mwanawe. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na suruali ile ilimbana nyonga na kumwishia chini kidogo ya magoti. Akavaa koti juu yake, akaenda.

Dojo ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilikufuata ngazi nzima. Ndani palikuwa na sakafu ya mbao ambayo wanafunzi wenyewe waliipiga deki kabla ya mazoezi, wameinama na matambara, wakubwa kwa wadogo. Mwalimu, ambaye wote walimwita sensei, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mvi. Mchana alikuwa fundi wa miwani. Hakuwa na tabia ya kupaza sauti, na kabla hajakutazama usoni alikutazama miguu.

Walipanga mstari kwa rangi za mikanda. Wenye mikanda myeusi walisimama mwanzo wa mstari, karibu na dirisha, wakifuatiwa na kahawia, kijani, njano, na mwisho kabisa mkanda mweupe, mlangoni, ambako kila aliyechelewa alimfungulia baridi ya nje. Hapo ndipo Mama Pacha alipowekwa.

"Ichi!" sensei akahesabu, na wote wakapiga ngumi. "Ni!"

Mama Pacha akabaki na ngumi hewani, akisubiri amalizie. Ichi ni nini?

Kumbe zilikuwa namba za Kijapani, moja na mbili. Alipofika nyumbani akamsimulia mumewe, na wiki ile nyumba haikuwa na amani. "Mama watoto, ichi ni chai au ichi ni maziwa?" Baba Pacha aliuliza kila asubuhi, na mapacha walijitupa kwenye makochi kwa kucheka.

Lakini alirudi Alhamisi, na Jumatatu iliyofuata, na nyingine. Kilichomrudisha hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Katika nchi ile watu walizoea kusema naye polepole na kwa sauti kubwa, kama mtoto au kiziwi. Kwenye makazi ya wazee alikofanya kazi, akiwaogesha, akiwalisha na kuwatandikia vitanda, msimamizi alimwita "msichana" ingawa walikuwa rika moja. Kule dojo namba zilikuwa ngeni kwa wote. Hakuna aliyemuuliza alitoka wapi. Waliangalia mkanda wake, na mkanda haufungwi na mtu mwingine ila jasho lako.

Mshirika wake wa mazoezi alikuwa tarishi, mwanamke mrefu mwenye miguu ya chuma kwa sababu ya kupanda ngazi za watu kila siku na barua. Wale wawili walipigana kwa upendo mkubwa. Mama Pacha alianza kwenda kazini na michubuko ya bluu mikononi, hadi siku moja msimamizi akamvuta pembeni, akafunga mlango.

"Niambie ukweli," akanong'ona. "Nani anakupiga?"

"Tarishi," Mama Pacha akajibu.

Msimamizi akakaa chini. "Tarishi? Mara ngapi?"

"Jumatatu na Alhamisi. Lakini na mimi nampiga."

Ilichukua muda mambo kueleweka. Yalipoeleweka, msimamizi alicheka mpaka machozi, na habari ikazunguka jengo zima kabla ya chakula cha mchana.

Mtu mmoja tu hakumfurahia, naye alikuwa mama yake mzazi, aliyebaki nyumbani ng'ambo ya pili. "Mwanangu," alisema kwenye simu, "mwanamke mzima, una mume, una watoto, unarusha mateke hadharani? Na wanaume wamo?"

"Wamo, mama."

"Ehe. Basi huku usimwambie mtu. Akiuliza mtu, mimi nitasema unasoma ushonaji."

Miaka ikapita. Mama Pacha alisogea kwenye ule mstari, rangi baada ya rangi, akauacha mlango nyuma yake. Akanunua vazi la saizi yake. Mapacha wakaota ndevu. Hatimaye sensei akamtazama miguu, kisha akamtazama usoni, akamwambia, "Safari hii utaingia kwenye mtihani wa mweusi."

Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja, mbele ya walimu watatu waliotoka miji mingine. Watahiniwa walikuwa sita. Sehemu ya kwanza ilikuwa kata, yaani ule mfuatano mrefu wa mapigo na vizuizi ambao mtu huufanya peke yake, kama anapigana na maadui wasioonekana. Mama Pacha aliijua kata yake usingizini. Alianza vizuri. Akakinga, akapiga, akageuka, na alipogeuka macho yake yakakutana na mumewe, ameinua simu kumpiga picha, na wanawe wawili midomo wazi kwa fahari.

Akili ikamruka. Mguu wa kulia au wa kushoto? Alisimama katikati ya ukumbi ule mkubwa, ngumi kiunoni, akasikia taa zikivuma darini. Mwisho aliinama kwa heshima, akatoka.

Wenzake watano walifungwa mikanda yao. Mama Pacha akawapigia makofi, mmoja baada ya mwingine, tena kwa nguvu. Aliporudi nyumbani akajifungia bafuni, akafungua bomba ili wasimsikie. Baba Pacha, kwa mara ya kwanza tangu waoane, hakuwa na mzaha. Alikaa nje ya mlango ule, chini, mgongo kwenye mbao, mpaka maji yalipofungwa.

Asubuhi alikwenda kazini. Chumba cha kwanza kilikuwa cha mzee aliyeitwa Dereva. Katika ujana wake aliendesha treni, na sasa miguu ilikuwa imegoma, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Alikuwa mkali kama pilipili. Wahudumu wengine walipigana vikumbo kukwepa zamu yake.

"Leo umenuna," Dereva akasema. "Shuka zangu zimekukosea nini?"

Mama Pacha akamwambia. Hakujua kwa nini alimwambia yeye.

"Nionyeshe."

"Nini?"

"Hicho ulichosahau. Hapo, kati ya kitanda na kabati. Nafasi ipo."

Mama Pacha akaufunga mlango, akavua kandambili za kazi, akaifanya kata nzima, akipunguza hatua ili asigonge kabati. Hakusahau hata pigo moja. Dereva alitazama kwa macho ya mtu anayekagua mashine.

"Unakimbia," akasema. "Unapiga pigo hili ukifikiria lijalo. Treni haiendeshwi hivyo. Ukifika kituoni, simama. Watu washuke. Ndipo uondoke."

"Mzee, wewe karate unaijua?"

"Siijui hata kidogo. Rudia."

Tangu siku ile, kila alipomaliza kutandika kitanda kile, Mama Pacha aliifanya kata mbele ya Dereva. Baada ya muda mzee akaishika yote kichwani. Akawa anamkosoa akiwa amefumba macho, kwa kusikiliza nyayo tu. "Hapo umegeuka haraka mno. Huko kituoni umeacha abiria!" Msimamizi alifungua mlango siku moja, akamkuta mhudumu wake amesimama kwa mguu mmoja na mzee amenyoosha kidole kama jaji. Akaufunga tena polepole, akaenda zake.

Mwaka uliofuata, siku ya mtihani, Dereva alitangaza kuwa anakwenda. Walimwambia kuna baridi. Akasema alishawahi kuona baridi. Wakamwambia hakuna wa kumsukuma. Msimamizi mwenyewe akavaa koti, akashika kiti. Walifika ukumbini wakati watahiniwa wanapasha misuli moto, Dereva amefunikwa blanketi hadi kidevuni. Baba Pacha akawasogelea, akamwamkia mzee kwa mikono miwili, na safari hii simu aliiacha mfukoni. "Nimeapa," akamwambia tarishi aliyekaa kando yake. "Nitaangalia kwa macho tu, hata yakinitoka."

Jina la Mama Pacha likaitwa. Akatembea hadi katikati, akainama, akaanza.

Alikinga, akasimama. Alipiga, akasimama. Kila pigo alilipa haki yake kabla ya kuliacha. Alipofika kwenye ile kona iliyomtia aibu, akageuka, akaona watu wote waliokuja kwa ajili yake, akawaona vizuri kabisa, mmoja mmoja, wala hakuyumba. Mguu wa kushoto ukajiendea wenyewe. Kidole cha Dereva kilikuwa kinatembea juu ya blanketi, kikisimama na kuondoka. Pigo la mwisho Mama Pacha alilitoa na ukelele uliotoka tumboni, hadi mmoja wa wale walimu wageni akanyoosha mgongo.

Ilibaki sehemu ya pambano. Walimpangia mzimamoto mmoja wa dojo nyingine, jitu la kubeba watu begani, mikono mirefu kama makasia. Mapacha wakatazamana. Mzimamoto alimfikia kabla yeye hajamfikia, ngumi ikamgusa mdomo, na damu kidogo ikatokea. Mwamuzi akasimamisha pambano, akamuuliza kama anaweza kuendelea.

"Naweza," Mama Pacha akasema, tena kwa lugha ya nchi ile, wazi, bila kutafuta neno.

Wakaanza tena. Mzimamoto akaja na mkono uleule. Safari hii Mama Pacha hakurudi nyuma. Aliingia chini ya ule mkono, mfupi alivyo, akatia mguu nyuma ya mguu wake, akasukuma kwa yale mabega yaliyozoea kuinua wazee vitandani. Jitu likaenda chini kama gunia. Ngumi ya Mama Pacha ikasimama unywele mmoja tu kutoka kifuani pake. Kisha akaifungua ile ngumi, akampa mkono, akamvuta juu.

"Mama," mzimamoto akasema huku akipangusa suruali, "njoo tukuajiri."

Wale walimu watatu walinong'onezana kidogo. Sensei ndiye aliyeletewa mkanda. Alikuja nao mbele ya Mama Pacha, akapiga goti, akauzungusha kiunoni mwake, akakaza fundo. Ulikuwa mpya, mkavu, na ncha zake zilichomoza huku na huku kama masharubu. Sensei akaitazama miguu ya mwanafunzi wake. "Imekaa vizuri," akasema. Macho yake yalikuwa na maji.

Mapacha walimbeba mama yao juujuu, naye akiwakaripia wamshushe. Baba Pacha alipiga makofi peke yake muda mrefu baada ya wengine kunyamaza, na machozi yalikuwa yamefika kidevuni wala hakuyapangusa.

Jioni ile Mama Pacha alimpigia mama yake. Akamsimulia yote.

"Mweusi ndio mkubwa?" mama akauliza.

"Ndio, mama."

"Na huyo mwanaume ulimwangusha kweli? Chini kabisa?"

"Chini kabisa."

"Basi nitumie picha. Kubwa, mkanda uonekane. Shangazi yako hataamini."

Kabla hajalala alikuwa ameshapigiwa na shangazi wawili, binamu asiyemkumbuka, na jirani aliyetaka kujua kama ushonaji wa siku hizi una mikanda.

Keshokutwa yake alirudi kazini, mdomo umevimba bado. Alimkuta Dereva ameamka mapema, amechanwa nywele, na picha ya ukumbini aliyoipiga msimamizi imebandikwa ukutani juu ya kitanda, mahali ambapo hapo nyuma hakuruhusu hata kalenda. Daktari wa zamu alikuwa anampima mapigo ya moyo.

"Huyu hapa," Dereva akasema, akielekeza kwa kidevu. "Ndiye niliyekuwa nakwambia. Nimemfundisha mwenyewe, humu humu ndani."

Daktari akageuka. Akamtazama yule mwanamke mfupi mwenye shuka safi mikononi.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," Mama Pacha akasema. "Mweusi."

Akasimama wima, akamtazama daktari machoni mpaka daktari akatabasamu na kumpa mkono. Kisha akaikunjua shuka, akaipiga hewani mara moja ikatanuka chumba kizima, akaanza kutandika.