Mtihani wa Turubai

Mama anayetunza stoo ya kijiji chetu cha ujamaa, hapa Magoma, hamwamini mtu yeyote anayelisifia turubai. Kwanza hulinusa, kama anayenusa maziwa ya jana. Kisha hulisugua kwa kidole gumba, kile chenye kovu la mwiba wa mkonge, huku akiguna. Mwisho hujifunika gubigubi na kukaa juani, akipiga soga na sisi kutoka humo ndani. Akitoka mkavu, bila jasho, limefaulu.

Safari hii alikuwa anachagua la kufunikia ile nyumba ya magurudumu, kliniki ya wajawazito inayovutwa kijiji hadi kijiji, ambayo huegeshwa uani masika yote kwa sababu ya matope. Mwaka jana tuliifunua tukakuta ukungu umekula godoro na kuta, na akina mama wakabebwa kwa machela hadi hospitali ya Korogwe. Yeye alishapenda turubai la kitambaa kizito, kuukuu, lenye viraka. Katibu wa kijiji aling'ang'ania la nailoni, jipya, linalong'aa.

"Hili halipitishi hata tone, mama."

"Wala pumzi. Hebu ingia."

Katibu akaingia akicheka. Mama akakalia pindo moja, akaendelea kuchambua mchicha wake, jani moja moja. Kicheko kikaisha. Tukasikia kikohozi, halafu sauti nyembamba: "Mama, nimekubali. Chukua la viraka."

Mama hakuinuka.

"Vumilia, mwanangu. Nyumba yetu ingekaa humo miezi mitatu. Wewe hujakaa hata muda wa fungu moja la mchicha."