Baba Alipanda Pikipiki Ndani ya Gari

Baba yangu, mzee wa miaka sabini na mitatu, alisafiri kwa muda wa saa mbili akiwa amepanda pikipiki iliyokuwa ndani ya gari langu.

Sijakosea kuandika. Gari linakwenda, pikipiki imo ndani, na mzee yuko juu yake, kainama hadi kidevu kinagusa tangi kwa sababu paa ni fupi.

Nieleze vizuri, maana hata mimi nilichoka kabla sijaelewa.

Baba ni bwana afya mstaafu. Kwa pikipiki hiyo alipeleka chanjo kwenye zahanati za mbali miaka mingi. Sasa ana mtoto wa jicho, na tangu mama afariki anaishi peke yake.

Miezi miwili mfululizo, jirani yake, fundi cherehani, alikuwa akimpigia simu dada yangu mkubwa. Mara mzee kapita kama mshale. Mara nusura amgonge mbuzi. Mara kaingia mtaroni, kajitoa mwenyewe, kaondoka.

Dada akaniamuru kwa sauti ileile aliyonilelea: kaichukue pikipiki. Baba abaki, pikipiki iondoke.

Mimi ni mhadhiri. Nilikuwa nimesahihisha mitihani wiki nzima, macho yanawaka, mgongo haunisikilizi. Nikang'oa viti vya nyuma vya gari la familia, nikaenda.

Baba hakubisha, jambo lililonishangaza. Alisema tu kwamba pikipiki haiendi popote bila yeye. Angerudi kesho yake kwa basi.

Tuliipandisha kwa ubao, mimi na fundi cherehani, na ilibidi tufungue vioo vyake vya pembeni ndipo iingie. Kuilaza sikukubali, petroli isije ikamwagika. Kamba nilizobeba zilikuwa za kuanikia nguo. Kila nikigusa breki, pikipiki inayumba.

"Niache niipande," baba akasema. "Mimi na hii tunajuana."

Nilikuwa hoi. Nikakubali jambo ambalo mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angelikataa.

Njiani tukasimamishwa na askari wa usalama barabarani, mama wa makamo. Akafungua mlango wa nyuma, akamtazama baba kwa kitambo.

"Shikamoo, mzee. Kati yenu wawili, dereva ni nani?"

"Marahaba, mwanangu. Leo ni yeye. Mimi nimekaa tu."

Hakucheka. Alisema pikipiki yenye mafuta haichanganywi na abiria, akaomba ufunguo wa tangi. Baba akadai umepotea. Askari akasubiri, kiganja wazi. Mwishowe baba akautoa kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Askari akafungua kifuniko, akamulika kwa simu, akainama akanusa.

"Mwenye gari, hebu njoo uangalie."

Ndani mlikuwa na kutu na utando wa buibui. Petroli haikuwamo hata tone.

"Hii haijatembea mwaka mzima," akasema. Akaleta kamba nene kutoka gari lake, tukaifunga, akaagiza mzee akae kwenye kiti kama watu wengine.

Baba akahamia mbele. Sikuwasha gari. Nikamuuliza kama ina maana fundi cherehani alitudanganya.

"Nilimtuma mimi," akasema. "Ya mbuzi kaongeza mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nilikupigia nikakwambia nyumba imekuwa kimya mno. Ukasema uko kwenye kikao, utanipigia. Dada yako akaniuliza kama dawa zimekwisha." Akafuta miwani kwa pindo la shati. "Nikaona kimya hakiwaleti. Nikajaribu ajali."

Kikao chenyewe sikukikumbuka.

Pikipiki aliiacha siku daktari alipomwambia macho yamefifia. Aliiacha mwenyewe, bila kusukumwa na mtoto yeyote.

Na sisi tulikuwa tumepanga kesho apande basi arudi kwenye nyumba ileile, safari hii hata pikipiki ya kuitazama hana.

Nilitaka kumwahidi kwamba mambo yatabadilika, nikajizuia. Ahadi zangu alikuwa nazo za kutosha.

Nikampigia mkuu wa idara, nikaomba likizo ya wiki moja. Nikampigia dada, nikamwambia aje Jumamosi. Akaanza kunieleza shughuli zake za Jumamosi. Nikamrudia maneno ya baba, neno kwa neno.

Akauliza aje na nini.

Nikageuza gari tukarudi nyumbani kwa baba. Alilala njia nzima, mdomo wazi, kama mtu aliyemaliza zamu ndefu.

Ndugu yangu unayesoma haya, mzazi akikuambia nyumba imekuwa kimya, usimuulize habari za dawa. Mtajie siku unayokwenda, na siku hiyo ikifika, uende.