Jina Nililolitunga Mwenyewe

Nilisikia fimbo yake kabla sijamwona. Ko, ko, ko, kwenye ngazi za saruji. Mama alikuwa amefika kwangu Kanyakine kutoka Kanja, na mimi nilikuwa nimeshakosa. Jamani, nisikilizeni! Kosa hili sina pa kulipeleka.

Kwetu Embu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Ndiyo maana Mama, Igoki mwenyewe, alikuja na uji wa wimbi, na kiondo kidogo alichomsukia mtoto. Alimpakata, akamnong'oneza, "Igoki wangu! Umefika? Na pua umeniibia, mwizi wewe!"

Mke wangu akanitazama. "Wewe mwambie. Mimi nilikukataza."

Mimi ni mwandishi. Kwa miaka minne nimekuwa nikiandika riwaya ya nchi isiyokuwepo, yenye lugha niliyoibuni neno kwa neno. Humo ndimo nilimolitoa jina la binti yangu: Selumiri. Ujinga ulioje! Jina la Mama niliona limezeeka, linanuka moshi wa jikoni.

"Hilo ni la watu wa wapi?" Mama aliuliza nilipomtajia.

"Si la watu, Mama. Nimelitunga."

"Na maana yake?"

Nikajibu kwa majivuno, kana kwamba nipo mbele ya wasomaji: "Ni malkia wa kwanza wa nchi yangu. Maana yake ni asiyetanguliwa na mtu."

Alimlaza mtoto. Nje, ukungu ulikuwa umeshaimeza migomba.

"Kijana wangu," alisema, "basi mimi nimekuja kumwona nani?"

Alichukua fimbo yake, akatoka. Sikumfuata. Nilijiambia hasira itapoa, nitamwona Krismasi. Krismasi hakuifikia.

Selumiri sasa ana miaka miwili. Nikimwita, hageuki. Lakini dada yangu akimtaja marehemu Igoki, mtoto huacha kucheza, akautazama mlango. Ole wangu! Hutazama mpaka nimbebe.

Enyi mnaotafuta majina mapya, ulizeni kwanza ni nani anayengoja la zamani. Katika lugha yangu yote, sikutunga hata neno moja la kuomba radhi.

Nimebaki na asubuhi ile: kiondo mezani, uji ukipoa, na mlango ambao Mama aliufunga nyuma yake polepole, asije akamwamsha mtoto.