Likizo ya Banyima

Wazo la kwenda likizo nililipata kwa bwana mmoja wa ofisini, mtu wa Bukoba, aliyekuja kijijini kwetu Ihembe kukaa kwa wakwe zake. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Kutwa nzima alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba, viatu kavua, hafanyi lolote, na kila aliyepita alimsalimu kwa heshima. Mimi nikikaa hivyo kidogo tu huitwa mvivu. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema yuko likizo. Nikamwuliza likizo ni nini hasa, maana shule niliiacha darasa la tano na mambo hayo hatukuyafikia.

"Ni kupumzika mahali ambapo si kwako," akasema.

Jibu hilo lilinikaa kichwani siku nyingi. Mahali ambapo si kwangu palikuwa pengi. Karibu kila mahali.

Basi asubuhi moja, kahawa ya watu niliyokuwa nachuma imekwisha, nikatia shuka, sufuria ndogo na ndizi za kuchoma kwenye mfuko wa sandarusi, nikampigia mbwa mluzi, tukaondoka. Sikuwa nimepanga niende wapi. Tulipofika njia panda mbwa alikojolea kichaka cha upande wa kushoto, nikaona hiyo ni sababu ya kutosha.

Fundi baiskeli wa pale alikuwa ameshaanza kuziba pancha.

"Wapi na mapema yote hii?"

"Likizo."

Akaacha kupampu. "Likizo ya kazi gani?"

"Ya kazi zote."

"Na huyo mbwa?"

"Naye yuko likizo."

"Yeye sawa," akasema. "Yeye angalau huwa anabweka."

Mbwa wangu aliitwa Banyima. Kwa Kinyambo ni kusema "wananinyima". Jina hilo sikumpa mimi. Kwetu Karagwe mbwa hapewi jina la kumpendezesha. Hupewa neno ambalo mwenye mbwa anataka jirani yake alisikie, ila hathubutu kumwambia usoni. Jioni unasimama uani unamwita mbwa wako, na yule aliyekusudiwa anasikia huko kwake akiwa anakula. Akija kulalamika unamwambia, mimi naita mbwa wangu, wewe umekuwa mbwa lini? Huyu wangu alipewa jina na bibi mmoja aliyegombana na wifi yake juu ya shamba la migomba. Mtoto wake alipokuja kumchukua akaishi naye Muleba, bibi akaniachia mbwa pamoja na jina lake. Nilijaribu kumwita Simba miezi mingi. Alikuwa akigeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.

Tulishuka kwa njia ya mashambani, migomba huku na huku, halafu migomba ikaisha tukatokea kwenye rweya, nyasi tupu na upepo. Banyima alikimbia akarudi, akakimbia akarudi, kama mtu aliyepewa eneo kubwa asijue alianzie wapi. Nilimwuliza kila niliyekutana naye swali moja: huku mbele kuna nini? Mmoja akasema kuna mawe. Mwingine akasema kuna shemeji yake. Mchungaji wa ng'ombe akasema kuna ziwa, lakini halina maana, ni maji tu.

Tuliliona mchana likiwa chini ya vilima, limenyooka, rangi yake kama bati jipya. Nilikuwa sijawahi kuona maji mengi namna hiyo yametulia mahali pamoja bila mtu kuyachota. Nilikaa chini nikayatazama mpaka njaa ikanikumbusha, ndipo nikawasha moto nikachoma ndizi. Banyima hakukaa. Aliteremka mpaka ukingoni, akaonja, akapiga chafya, akaingia mpaka tumboni, akasimama humo ananitazama. Nikavua shati nikamfuata. Tulirushiana maji, yeye akayauma, mimi nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikaelewa kwa nini yule bwana wa ofisini alivua viatu.

"Mtoe huyo mbwa majini, mwanangu."

Alikuwa mama mmoja aliyebeba mzigo wa mafunjo ya kusukia mikeka. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea bila kuushusha mzigo.

"Humu mna mamba. Na wewe pia toka. Halafu jua likizama usimwache nje. Chui wa huku anapenda mbwa kama wewe unavyopenda nyama ya mbuzi. Juzi kachukua wa mwenyekiti, kabakisha kamba."

"Nifanyeje, mama?"

"Tafuta mtu wa kukulaza. Wewe utapata. Mbwa sijui."

Tangu hapo likizo ilikuwa na kazi moja: kumtafutia Banyima mlango wa kufungwa nyuma yake kabla ya giza. Kwangu mimi mwenyewe kwenye majani ya mahindi pangetosha. Lakini sikuwa na mtu mwingine wa kutembea naye duniani, na nilikuwa naiona ile kamba ya mwenyekiti imelala peke yake.

Nyumba ya kwanza mzee alinisikiliza vizuri hadi nilipofika kwenye mbwa. "Mbwa alale ndani? Na jogoo wangu alale wapi, kitandani kwangu?" Nyumba ya pili walinicheka tu, bila ubaya. Jua lilikuwa limeshagusa vilima vya ng'ambo nilipofikia nyumba ya mwisho, karibu kabisa na maji. Uani kulikuwa na chanja la kukaushia kambare, moshi unapanda taratibu. Banyima alisikia harufu kabla yangu. Alipita kwenye ua kama maji.

Nikasimama langoni nikamwita. Hakuja. Nikaita kwa nguvu zaidi, "Banyima! Banyima!" Sauti ikaenda mpaka kilimani ikarudi.

Akatoka mama wa nyumba, mwiko mkononi.

"Nani anakunyima? Hata hujaomba."

"Shikamoo, mama. Naita mbwa."

"Marahaba. Kakutuma huyu wa hapo juu, siyo?" Akaelekeza kidevu kwenye nyumba iliyokuwa mlimani. "Jana kaja kuomba samaki, nikamwambia hawajakauka. Leo kanitafutia mtu wa kuja kunitangaza."

Mumewe alikuwa amekaa anarekebisha wavu. Alikuja zamani kutoka Rwanda kuchuma kahawa, akaoa, akabaki. Hayo aliniambia baadaye. Wakati ule mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

"Ni jina lake kweli, mama."

"Hakuna mbwa anayejipa jina. Nani alikunyima?"

Ikabidi nimweleze habari za bibi na wifi na shamba la migomba. Kumbe alipenda. Alishusha mwiko.

"Na huyo wifi alikuwa anasikia?"

"Alisikia mpaka akahamisha jiko upande wa pili wa nyumba."

"Safi," akasema. Nikaona hapo ndipo pa kuomba. Nikaomba mahali pa kulala, mimi na mbwa, na mbwa ndani.

Alifikiri. "Wewe karibu. Mbwa naye aingie, sitaki chui aniharibie ua. Lakini jina hilo, hapana. Kesho utatoka uanze kuita, na huyu wa juu atasema kwangu hata mbwa wananyimwa. Abadili jina, au alale nje."

Nikamwita Simba. Banyima akatazama nyuma.

"Mwite Ndugu," mume akasema.

"Ndugu ni kila mtu," mkewe akamjibu. Akaenda kwenye chanja, akavunja kichwa cha kambare, akasimama katikati ya uwanja, uso kauelekeza mlimani wala si kwa mbwa.

"Bampa!"

Maana yake "wananipa". Banyima akaja, akala. Mama akavunja kingine, akaita tena, kwa sauti ile ile ya kufika mbali. Mbwa akala. Mara ya tatu mama akaita mikono mitupu. Mbwa alikuwa pembeni ya wavu, akainua masikio, akamwendea, akakaa mbele yake. Miezi yote ile nilidhani kosa la Simba liko kwenye jina. Lilikuwa kwenye mikono yangu: sikuwahi kumwita nikiwa na kitu cha kumpa.

"Ameitika," mama akasema, na akaita mara nyingine, nadhani kwa raha tu. "Bampa!"

Juu kilimani sauti ya mwanamke ikajibu, ndefu, ya kuimba kidogo:

"Wanakupa nini huko?"

Mama alinitazama mimi, akamtazama mbwa. Mume aliinamisha uso kwenye wavu.

"Kambare!" mama akaita.

"Kumbe wamekauka?"

Aligeuka akatazama chanja.

"Njoo uchukue!" akaita, kisha akanigeukia, polepole. "Wewe na mbwa wako."

Hapo mumewe akashindwa kujizuia, akacheka hadi akauacha wavu chini. Na yeye mama, akiwa bado amekunja uso, akaanza kuchagua samaki wa jirani, akaweka mmoja kando, akambadilisha kwa mkubwa zaidi. Maji ya ziwa yalikuwa yamegeuka meusi nyuma ya mafunjo. Mama akausukuma mlango kwa kiwiko.

"Bampa, ingia," akasema.

Akaingia kabla yangu.