Mgeni wa Kila Filamu

Katika kila filamu mwigizaji huyu mzee ndiye mgeni asiyejulikana atokako, anayetiliwa shaka na kufukuzwa hadithi ikiwa bado mbichi. Mpambaji, aliyempaka vumbi la safari usoni miaka nenda rudi, alizizoea tabia zake: kujitenga karibu na taa, kusugua vidole vyake virefu, kunong'ona maneno yake machache kama mtu anayeomba radhi. Leo mwongozaji, mwanamke kijana, alimwambia, "Mzee wangu, safari hii hufukuzwi. Filamu ni yako."

"Una hakika, mwanangu?"

"Kabisa."

Kamera ilipowashwa, mzee aliwatazama waigizaji waliocheza wenye nyumba, mmoja mmoja. "Sitoki," alisema, kwa sauti nzito, tulivu, ambayo mpambaji hakuwahi kuisikia. Mwongozaji alisahau kusimamisha kamera. Mpambaji akajikuta anapiga makofi, na studio nzima ikamfuata.