Goli Moja na Nusu

Enzi zetu, ndugu zangu wa Bwera, kiwanja kilikuwa na goli moja na nusu. Hilo moja tulipewa na wanasiasa bila wenyewe kujua. Mgombea alikuja na ngoma, akaahidi uwanja wa kisasa, akaweka jiwe la msingi lenye jina lake. Hata saruji haijakauka, mpinzani wake naye akaleta lake. Hakutaka jina lake likae karibu na la adui, akasogea hatua nane. Hatua nane kamili! Uwanja hatukuuona, lakini milingoti tulipata.

Upande wa pili tuliweka kandambili, na ugomvi wote ulizaliwa huko. Mpira ulikuwa wa makaveera, mifuko ya plastiki tuliyoifunga kwa kamba za migomba, vumbi puani, harufu ya mandazi ya Mama Furaha ikitutia wazimu. Mama huyu, Mkongo wa Butembo, alikuwa shabiki wetu nambari moja, mpaka siku tulipocheza na watoto wa Mpondwe. Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira ukapita juu ya kandambili ya kushoto. Golikipa wetu, Masereka, akaapa umetoka. Mama Furaha akainuka na karai lake: "Yezu Maria! Mupira iliingia, batoto, niko na macho!" Tukafungwa na shabiki wetu wenyewe. Masereka alilia mpaka kamasi ikafika kidevuni, na wiki nzima hakugusa mandazi.

Baba yangu, dereva wa lori, alikuwa na amri moja tu kuhusu kiwanja kile: "Wewe! Jiwe ya mukubwa hapana gusa!" Madereva wote waliogopa hivyo hivyo. Malori yalijaa mjini yakingoja kuvuka mpaka kuingia Kongo, lakini hakuna aliyethubutu kuegesha mbele ya majina yale. Basi tukacheza mpaka tukaota ndevu.

Vijana wa leo, lo! Penalti wanapiga kwa kidole gumba, wamelala kwenye kochi, halafu wananuniana kwa ajili ya timu ya Ulaya ambayo haijui Bwera iko wapi. Lakini mwaka huu hata wao waliinuka.

Baraza la wilaya lilikuwa na pesa za uwanja mmoja tu. Wengine walitaka ujengwe Kasese mjini, na kiwanja chetu kigeuzwe maegesho ya malori. Aliyetutetea ni kansala wetu, yaani diwani, Masereka yule yule, sasa ana tai na kitambi. Tulijaa nje ya ukumbi na ngoma na filimbi, tukifuatilia mjadala dirishani kama fainali. Kansala mmoja akafoka, "Uwanja ya Bwera itakuwa ya Wakongo!" Mama Furaha, kichwa kimejaa mvi, akamjibu pale pale dirishani: "Na ni banani banafungaka magoli yenu? Si Bakongo?" Tukapuliza filimbi mpaka askari akatufukuza.

Kura zikapigwa, tukashindwa. Mimi nina malori mawili, maegesho yangenifaa sana, lakini niliumia kama mtu aliyefiwa.

Jumamosi Masereka akatuita kiwanjani. Alikuja na fundi na mawe mawili yenye jina lake. "Pesa hakuna, mawe ya nini?" tukamzomea. Yeye akaenda ule upande wa kandambili, akasimamisha jiwe moja, kisha akahesabu hatua kwa sauti, huku akihema. Ilipofika ya nane, akasimamisha la pili.

Jumatatu malori yakaja. Madereva wakasoma majina, wakageuza. Dereva wangu mwenyewe alikuwa wa kwanza.

Enzi zetu goli moja na nusu lilitutosha, tukatukanana na kupendana. Watoto wa sasa wana mawili kamili, hawana hata cha kugombania, na nawahurumia kidogo. Juzi Masereka alisimama katikati ya mawe yake, tai mfukoni, akamwita Mama Furaha.

"Mama, sema kweli. Ile mupira iliingia?"

"Iliingia, muheshimiwa."